Krisi ya Jolo na Wino wa 1906

Nikiwaambia washikaji kwamba nusu ya mwaka wangu wa kubadilishana wanafunzi kule Chicago niliimaliza kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mzee mmoja, nikisafisha panga za kale za Wamoro, huwa wanauliza maswali mawili tu. La kwanza: zinauzwaje? La pili: kwani hukuwa na madesa ya kusoma? La kwanza nitalijibu humu humu. La pili nawaachia waliowahi kukaa kwenye baridi ya Januari ya kule. Wenyewe wanajua kwamba ukialikwa nyumba yenye joto na chai, huulizi sana kuhusu kazi.

Niliingia pale kwa sababu ya herufi. Mhadhiri wetu mmoja alifahamiana na mzee huyo, mwalimu mstaafu wa fizikia, mwenye panga kumi na nne ukutani, na mmoja kati yake una maandishi ambayo hakupata mtu wa kumsomea. Akauliza darasani kama kuna anayejua herufi za Kiarabu. Mimi nimekulia Songea na nilipitia chuoni kwa maalimu kabla ya darasa la kwanza, kwa hiyo nikanyoosha mkono. Mzee alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, kama wafanyavyo Wamarekani. Ulimi ulikataa. Mtu ana miaka sabini na tisa, nimwite kama ninavyomwita mwenzangu wa hosteli? Nikamwita Mzee. Mwisho akawa anajitaja hivyo mwenyewe kwenye simu.

Nilipoushika upanga ule nilitafuta aya. Hapakuwa na aya. Karibu na mpini, pande zote mbili, ilichorwa lam-alif, tena na tena, zimefungana kama mnyororo. Mzee alikuwa amekaa na kalamu akisubiri tafsiri. Nikamwambia haya si maandishi ya kusomwa, ni ya kukinga. Kwetu mtu huandikiwa hivi kwenye karatasi, ikakunjwa, ikashonewa ngozi, ikavaliwa. Hii ni hirizi iliyochorwa kwenye chuma. Aliandika neno "hirizi" kwenye kadi yake, akaniomba nilirudie mara mbili. Kuanzia siku hiyo nilikuwa naenda kila Jumamosi.

Kwa asiyewajua: Wamoro ni Waislamu wa kusini mwa Ufilipino, Mindanao na visiwa vya Sulu. Jina walipewa na Wahispania, ambao walilitumia hilohilo kwa Waislamu wa Afrika Kaskazini na Andalusia. Ndani yake wamo Watausug, Wamaguindanao, Wamaranao, Wayakan, Wasama na wengine. Walikuwa na masultani waliohesabu nasaba zao hadi kwa masharifu wa Uarabuni, na madhehebu yao ni Shafii, kama pwani yetu. Wahispania walikaa Ufilipino zaidi ya miaka 300 bila kuwatia Wamoro mkononi kikamilifu. Halafu mwaka 1898 wakaiachia Marekani nchi nzima kwa dola milioni 20, pamoja na sehemu ambazo wao wenyewe hawakuwahi kuzitawala sawasawa. Kuuza shamba la jirani ni mtindo wa zamani.

Panga zao ziko za aina nyingi. Barongi ni fupi na pana, ina umbo la jani, makali upande mmoja, mgongo mnene. Ni ya Watausug, Wasama na Wayakan. Kampilani ni ndefu, inafika karibu mita moja, inapanuka kuelekea nchani, na kichwa cha mpini wake kimeachama kama mdomo wa mamba. Panabasi imepinda mbele kama fyekeo lenye hasira. Na krisi, ambayo Watausug huiita kalis, ina makali pande zote mbili, imenyooka au ina mawimbi kama nyoka anayetembea, na nyingine ina mawimbi nusu na nusu imenyooka. Krisi ya Wamoro usiichanganye na ile ndogo ya Java. Ile ni jambia, hii ni upanga wa vita.

Sasa, kuitambua. Kanuni ya kwanza ya Mzee ilikuwa kwamba chuma ukisikilize mwanzo na muuzaji umsikilize mwisho. Wauzaji wana hadithi mbili tatu wanazozirudia kila mahali. Watakwambia kila wimbi la krisi ni mtu mmoja aliyeuawa. Si kweli, mawimbi hufuliwa na mhunzi kabla upanga haujaonana na mtu yeyote. Watakwambia barongi ndiyo iliyozaa bastola ya .45. Hapo kuna chembe ya ukweli, maana askari wa Marekani walilalamika kwamba bastola zao za .38 hazimsimamishi Mmoro anayekuja mbio, na jeshi likarudisha bastola za zamani za .45. Lakini hiyo ni habari ya bastola. Haikwambii lolote kuhusu barongi iliyo mbele yako.

Kinachosema ni vitu vidogo. Kwenye krisi unaanzia kwenye gangya (si ganja, tafadhalini), kile kipande kipana kinachokaa kati ya mpini na wembe kama mabega. Kwenye krisi za zamani gangya ni kipande cha chuma kilichotengenezwa peke yake na kuvishwa kwenye msuka. Ukiangalia kwa makini unaona mstari wa maungio. Kwenye nyingi za karne ya 20 gangya na wembe ni chuma kimoja, na mstari umechongwa tu juu ili ufanane na wa babu. Kisha unautazama mstari wenyewe. Wakusanyaji huchukulia kwamba ukienda moja kwa moja hadi mwisho krisi ni ya zamani zaidi, na ukikata kona kushuka ni ya baadaye. Ni dalili, si sheria. Halafu mpini: kichwa chake mara nyingi kina umbo la kakatua, yule ndege wa jamii ya kasuku mwenye kishungi, na kwa kawaida kadiri kichwa kilivyo kidogo ndivyo kilivyo cha kale. Vichwa vikubwa vya mbwembwe ni vya mabwana na vya nyakati za karibu. Kuna pia vibanio vya fedha au shaba vinavyoushika wembe usichomoke. Na kuna uzito. Barongi ya kweli ina mgongo mnene unaopungua taratibu hadi kwenye makali, na ukiishika mkono unajua wenyewe itaangukia wapi. Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya watalii ni bamba la unene uleule kila mahali, imepambwa kweli kweli, lakini hata papai itahangaika nalo.

Mimi mwenyewe ninayo moja ya hizo za watalii. Niliinunua dola 40 nikijua kabisa ni nini, kwa sababu dola 40 ndiyo niliyokuwa nayo na kwa sababu ya kufananisha. Iko kwa mjomba Temeke, hosteli wasingenielewa.

Kusafisha ndiko kulikonifundisha subira ambayo mitihani ya chuo haijawahi kunifundisha. Kwenye benchi la Mzee hapakuwa na grenda wala msasa mkavu. Kutu nyekundu inayokula chuma unailoweka kwa mafuta siku nzima, kisha unaitoa kwa stilwaya ya nyuzi laini sana, si ile ya masufuria, ukifuata urefu wa wembe. Ile rangi nyeusi iliyotulia unaiacha. Ukiuona upanga wa miaka 150 unang'aa kama kijiko cha harusini, ujue kuna mtu amesaga historia yake ikaingia kwenye ndoo ya takataka.

Kuna hatua moja tu inayofanana na uchawi. Krisi nzuri hazikufuliwa kwa chuma kimoja. Mhunzi alikunja na kupotosha tabaka za chuma laini na feleji, akazifua pamoja. Nakshi hiyo inajificha chini ya uchafu. Unauosha wembe mpaka mafuta yote yaishe, unapasha siki moto kidogo, unaipaka kwa brashi, unasubiri, unapaka tena. Kule kwao ndimu hufanya kazi hiyohiyo. Polepole mistari inajitokeza, myeusi na myeupe, kama maji yanayozunguka jiwe. Halafu haraka unasuuza kwa maji yaliyotiwa magadi kuua asidi, unakausha, unapaka mafuta, na mwisho nta nyembamba. Mara ya kwanza nilipoiona nakshi inatoka kwenye ile krisi ya lam-alif nilipiga kelele mpaka Mzee akateremka ngazi akidhani nimejikata.

Ala ya krisi hiyo ndiyo iliyoleta mambo. Ilikuwa mbao vipande viwili vilivyofungwa kwa henzirani, na mtu fulani wa siku za nyuma alikuwa ameipaka vanishi nzito ya kahawia. Nilikuwa najaribu vanishi ile kwa kijiti chenye pamba na spiriti, sehemu ya nyuma isiyoonekana, nikaona herufi chini yake. Tukaendelea kidogo kidogo mchana mzima. Ulikuwa wino wa mkono wa mzungu: herufi mbili za kwanza za jina la mtu, kisha "Jolo, P.I., 1906". P.I. ni Visiwa vya Ufilipino kwa kifupi cha wakati ule.

Mzee alikaa chini. Alijua kinachofuata, na mimi nilikuwa nimeshasoma vya kutosha kukijua. Jolo ndio mji mkuu wa Sulu. Kilomita chache kutoka hapo kuna mlima wa volkeno, Bud Dajo, ambapo Watausug mia kadhaa, wanaume, wanawake na watoto, walipanda kukataa kodi na utawala wa Marekani. Kuanzia tarehe 5 Machi 1906, chini ya Jenerali Leonard Wood, jeshi liliuzingira na kuupanda mlima. Waliokufa wanahesabiwa kati ya 600 na 1,000. Waliotoka hai ni wachache sana. Ipo picha ya askari wamesimama juu ya handaki lililojaa maiti. W.E.B. Du Bois alitaka picha hiyo aitundike kwenye chumba anachofundishia. Mark Twain aliandika maneno makali kuhusu mauaji hayo, lakini yalichapishwa baada ya yeye kufa.

Mimi, mtu wa Songea, niliposoma 1906 sikufikiria Ufilipino kwanza. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni pale kwetu, na kila Februari tulipelekwa na shule kwenye Makumbusho ya Majimaji tukasimama juani mbele ya kaburi la halaiki. Kutoka 27 Februari hadi 5 Machi ni siku sita. Sikuwa nimewahi kuziweka tarehe hizo mbili kwenye mstari mmoja, na nadhani hakuna desa la historia lililowahi kuniwekea.

Sasa nijibu lile swali la bei. Mzee alikuwa anauza. Alikuwa anahamia kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na gharama za huko hazichezewi. Krisi ile, kwa ubora wa wembe wake, ilikuwa imepata mtu wa kutoa dola 900. Mnunuzi aliposikia habari za wino alipiga simu siku hiyohiyo: angetoa 3,500, kwa masharti mawili. Wembe ung'arishwe. Na karatasi ya maelezo, ambayo mimi ndiye niliyekuwa naziandika kwa panga zote, iseme kwamba krisi imetoka Bud Dajo.

Tulirudi kwenye benchi. Wembe ulikuwa wa zamani: gangya ya kipande cha peke yake, mstari ulionyooka, kichwa cha mpini kidogo. Lakini ala haikuwa yake. Mdomo wa ala ya krisi huchongwa kufuata gangya, ambayo upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine, kwa hiyo kila krisi huingia kwenye ala yake kwa namna moja tu na kukaa kimya. Hii ilikuwa inacheza. Mdomo ule ulichongewa gangya pana zaidi. Kwa maneno mengine, mwaka 1906 ulikuwa mwaka wa wino, na wino ulikuwa wa ala. Nani aliviunganisha viwili hivyo hatujui: inaweza kuwa mwenyewe, ala yake ilipovunjika, inaweza kuwa askari, inaweza kuwa mwenye duka. Jolo ilikuwa bandari yenye soko, na askari walinunua panga pale kama watu wanavyonunua vinyago Mwenge.

Mzee aliniuliza, "Huwezi kuandika *huenda* imetoka Bud Dajo?"

Hilo neno "huenda" tulibishana juu yake Jumamosi mbili. Hoja yake ilikuwa kwamba si uongo, huenda kweli. Hoja yangu ilikuwa kwamba nimeshasoma karatasi za panga zake zote kumi na nne, na nimeona "huenda" inavyoishi: kwa mnunuzi wa kwanza ni "huenda", kwa wa pili ni "inasemekana", kwa wa tatu ni "ilitoka". Kuna watu walikufa kwenye mlima ule na wana wajukuu. Kuwageuza chumvi ya kuongezea bei kitu ambacho hatuna hakika nacho, mimi nilikataa, na nilimwambia kama anataka hilo neno aliandike kwa mkono wake. Alinyamaza muda mrefu. Si rahisi kumwambia hivyo mtu aliyekukaribisha kwake, tena anayehitaji hizo pesa kweli. Karatasi ilitoka ikisema: wembe wa zamani kuliko ala, ala ilikuwa Jolo mwaka 1906. Basi. Mnunuzi hakupiga simu tena.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemleta dada mmoja wa shahada ya uzamili, Mtausug, ambaye tulifahamiana kwenye swala ya Ijumaa ya chuo. Alimwamkia Mzee, akaishika krisi kwa mikono miwili, akasema "kalis", kisha akakaa nayo bila kusema neno. Baadaye akatueleza kwamba kwao haipo hata moja. Mwaka 1911 Jenerali Pershing, gavana wa mkoa wa Wamoro, aliamuru silaha zote zisalimishwe, na zilizobaki zikaenda kwa njia nyingine, vita, njaa, kuhama. Alipiga picha akawatumia mama na bibi yake Zamboanga. Tulisubiri jibu zito. Bibi aliuliza tu: huyo Mmarekani aliinunua kwa bei gani?

Kuhusu wino hatukukubaliana. Mimi nilitaka ubaki. Vanishi iondolewe juu yake, basi. Ukisugua ala mpaka mbao ing'ae, wino unakwenda nao, na pamoja nao unakwenda ushahidi pekee kwamba kuna mkono wa mtu ulioitoa kwao. Dada alitaka ufutwe. Alisema yule askari aliandika jina lake juu ya kitu cha watu kama mtoto anavyoandika kwenye dawati la shule, na mimi ninamlindia mwandiko. Nikamtajia fuvu la Mkwawa lililorudi Kalenga mwaka 1954, na fimbo za Koitalel arap Samoei zilizokaa miaka mia moja kwenye nyumba ya familia Uingereza mpaka mwaka 2006. Akaniuliza kama Wahehe waliliacha fuvu na namba ya Wajerumani. Sikuwa na la kumjibu.

Panga kumi na mbili ziliuzwa. Moja Mzee alimpa mwanawe. Krisi aliitoa kwenye orodha bila kutoa hotuba yoyote, akamwambia dada aanze kuulizia taratibu za kuipeleka Zamboanga kwa familia yake, na habari ya wino wataamua wenyewe huko.

Wiki yangu ya mwisho tuliukaza mpini, maana ulikuwa unatikisika. Mipini hiyo hushikwa na utomvu wa miti, na Mzee alikuwa na kopo la vipande vya njano kama sukari guru, lililoandikwa kopali ya Manila. Nikacheka. Kopali ndiyo sandarusi. Karne ya 19 wafanyabiashara wa vanishi walikuwa na ya Manila na ya Zanzibar, na hiyo ya Zanzibar ilichimbwa huku kwetu bara. Tuliiyeyusha, tukaimimina kwenye tundu la mpini, tukapasha msuka moto kidogo, tukausukuma ndani, tukashikilia mpaka ukapoa. Mzee akautikisa karibu na sikio. Haukulia.

Ujumbe wa mwisho kutoka kwa yule dada uliingia mwezi uliopita. Mama yake anasema ala iende na upanga kama ilivyo. Bibi anataka ichongwe nyingine mpya, inayoingia vizuri. Bado wanabishana.